Gego la miaka sita si jino la utoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na walimu wenzangu kuhusu meno ya watoto wetu.

Mwaka jana binti mmoja wa darasa langu la pili alishinda wiki nzima kiganja shavuni. Anaandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika shavu. Nikamwambia apanue kinywa, nikamulika kwa tochi ya simu. Gego la chini, nyuma kabisa, lilikuwa limetoboka shimo la kuingia punje ya mchele. Nikamwita mama yake. Alikuja siku hiyohiyo, akanitoa wasiwasi: "Mwalimu, hilo la utoto, litang'oka lenyewe aote jingine." Kumbe lilikuwa la ukubwani. Alipofikishwa kwa daktari wa meno lilishaoza mpaka ndani, likang'olewa. Ana miaka minane, na hapo halitaota jingine.

Yule mama simlaumu hata kidogo. Meno ya utoto ni 20, na sote tumezoea kwamba la zamani hulegea, linang'oka, mtoto analirusha juu ya bati, kisha jipya linachomoza palepale. Magego ya kwanza ya ukubwani hayaji hivyo. Mtoto akifika kama miaka 6 yanaota manne, mawili juu na mawili chini, nyuma ya meno yote aliyonayo, wala hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Mzazi atajuaje? Na mswaki wa mtoto wa umri huo haufiki huko. Anasugua ya mbele yanayoonekana akicheka. Gego lina mifereji juu yake. Ubuyu wa sukari na kashata vinaganda humo, vijidudu vinageuza sukari kuwa asidi, na asidi inalila jino kidogo kidogo, hasa usiku, maana tukilala mate hupungua.

Usafi wa kinywa tunaufundisha shuleni, sikatai. Uliza darasa lolote tunapiga mswaki mara ngapi kwa siku, utajibiwa kwa sauti moja, "Mara mbili!" Lakini Jumatatu mstarini tunakagua kucha, nywele, sare mpaka soksi, na kwa miaka yangu yote ya ualimu sijamsikia mwalimu wa zamu akisema "fungua kinywa". Kupiga mswaki ni kazi ya mkono kama kuandika. Mtoto hajui kuumba herufi mpaka umshike mkono.

Tangu muhula uliopita darasa langu linapiga mswaki baada ya uji wa saa nne. Kila mswaki una jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta. Tunaisimamisha kwenye kifuniko cha ndoo nilichokitoboa matundu, isigusane na ikauke. Mtoto mmoja anasimama mbele kuhesabu mpaka 120, ambayo kwa mwendo wao haipungui dakika mbili, na wenzake wanaanza na magego ya nyuma ndipo waje mbele. (Wapo waliokuwa wakikwama kwenye 79, sasa wanapita bila kusita.) Dawa ya meno ni yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno, kiasi cha punje ya njegere. Wakimaliza wanatema povu, basi, hawasukutui kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Hilo liliwashangaza hata walimu wenzangu.

Wawili wanatumia mswaki wa mti waliokatiwa na bibi zao. Nimewaruhusu kwa moyo mweupe. Jina lenyewe la mswaki lilikuwa la kijiti kabla ya kuwa la plastiki. Sharti ncha itafunwe mpaka iwe nyuzi laini, na ifikishwe nyuma.

Ninaloomba kwa walimu wakuu na kamati za shule ni mambo mawili. Kinywa kiingie kwenye ukaguzi wa Jumatatu. Na uandikishaji wa darasa la kwanza ukifika, mwalimu anayepokea cheti cha kuzaliwa amwambie mzazi palepale mezani: kila usiku kabla mwanao hajalala, mpigishe mswaki wewe mwenyewe, na uanze nyuma kabisa, kwa magego yale manne.

Mwalimu wa darasa la pili,
Tanga