Yule Mhindi wangu wa mashairi

Maskati

Shoga yangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na kejeli zako pia. Eti miaka yote hii sijachoka na "yule Mhindi wangu wa mashairi"! Sijachoka, na leo utanivumilia.

Sugathakumari, huyo mshairi wangu, nilitambulishwa na manesi wa kwao Kerala, kusini mwa India, niliofanya nao kazi hapa. Zamu ya usiku ikipoa, mmoja wao alikuwa akinisomea mashairi yake kwa Kimalayalam, lugha yao, kisha ananifafanulia kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga. Ndipo nikaisikia "Rathrimazha", mvua ya usiku iliyojikunyata kama msichana mwenye wazimu, nywele timtimu, mara analia, mara anacheka, hajui kwa nini. Wasichana wa namna ile sisi tuliwauguza, shoga. Naye Sugathakumari hakuishia kuwatungia tu. Aliona walivyokuwa wakiishi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Kerala, akapiga kelele, na 1985 akaanzisha Abhaya, makao ya wasio na pa kwenda.

Habari ya msitu wa Silent Valley, huko huko Kerala, nimeshakuchosha nayo: serikali ilitaka kuuzamisha kwa bwawa la umeme, yeye na wenzake wakachekwa kuwa ni washairi wa miti, na mwishowe, 1983, mradi ukaachwa.

Si kila shairi lake nalipenda. Mengine kilio kimezidi. Lakini lile la Krishna, yule mungu wa Wahindu, mh! Wanawake wote wa kijiji wakisikia filimbi yake wanatupa kazi wanamkimbilia. Mmoja haendi. Yumo kibandani mwake pembeni, na kazi za nyumba haziishi, anampenda kimyakimya. "Krishna, wewe hunijui," anasema, tena na tena. Siku Krishna anahama, gari lake la farasi linasimama kidogo mbele ya kibanda kile, naye anageuka na kumtazama, macho yamelengwa na machozi. Basi mwanamke anauliza: kumbe unanijua? Mama yangu alikuwa mwanamke yule, na wako pia, usibishe.

Sugathakumari korona ilimchukua Desemba 2020, akiwa na miaka 86.

Tafsiri za Kiingereza nimezitoa nakala, nampa mwanao akija likizo. Anza na hilo la Krishna, halafu nipigie. Na usiazimishe mtu kabla hujasoma, nakujua!

Shoga yako