Kwa Mama Mapacha

Bukavu, Kadutu

Mama Mapacha mpendwa,

Salamu nyingi toka huku. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimepanda bei tena, lakini tuko wazima.

Habari zako nimezipata. Kumbe masikio ya mtoto yamepimwa na hayana kasoro. Halafu majirani wanasema ana kiburi! Mtoto alikuwa akiongea vizuri, akafika miaka mitano maneno yakaanza kumpotea. Sasa mnamwita wala hageuki. Kiburi gani hicho? Sauti anaipata, maana ndiyo haimfikii. Landau na Kleffner, wataalamu wa Marekani, waliandika habari za watoto wa namna hii mwaka 1957, na ugonjwa ukabaki na majina yao. Umeme wa ubongo unavurugika, zaidi usingizini. Wengi wanapata kifafa, ila wapo wasioanguka hata siku moja. Sisemi ndio huo, hilo ni la daktari wa ubongo. Ila mwambieni daktari ampime mtoto umeme wa ubongo akiwa amelala, maana akiwa macho kipimo kinaweza kutoka safi. Wakimpa dawa, msizikatishe. Maombi yaendelee, nami naomba.

Kwa upande wangu wa ortofoni, kazi ya kusaidia watu kusema, nina neno na Baba Mapacha. Kwenye video mliyonitumia ameshika kikombe juu: “Sema! Hii nini?” Mtoto anamtazama mdomo, kisha anainamisha kichwa. Ampe kikombe kwanza. Aonyeshe kwa mkono kunywa, atamke “maji”, basi. Redio izimwe, mkae uso kwa uso, sentensi ziwe fupi. Choreni picha mzitundike panapohusika. Muanze na choo, maana ndicho kinachomliza kila siku.

Shangazi yenu anaogopa ishara zitamfanya bubu. Hapana. Zinamwezesha kuomba na kukataa wakati maneno hayapo, na hazizuii maneno kurudi. Kwa wengine yanarudi yote, kwa wengine nusu, na kuna miezi ya kurudi nyuma. Sikufichi.

Halafu yule pacha wake! Umeona anavyogonga kiwiko mara mbili, na mwenzake anakimbilia bugali? Hakuna aliyewafundisha. Nyumba nzima mjifunze hiyo, hata bibi, na mwalimu naye aonyeshwe.

Muulize huyo pacha ishara nyingine walizo nazo, uziandike zote, hata za kuchekesha. Nitazichora kwenye makaratasi magumu nizitume kwa boti ya Goma.

Wako,
Mama Baraka