Mwanangu Kabula, kuhusu huo msiba na ugomvi wa darasani kwenu

Tabora, 1 Aprili 2021

Mwanangu Kabula,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na wa kaka yako anayekushtaki nimeusikiliza pia. Nimeelewa hivi: serikali ya wanafunzi imeandaa ibada ya kumwombea hayati Magufuli, kila mtu achange na avae nyeusi. Wewe umesema huchangi wala huvai, na sasa wapo waliopeleka jina lako kwa mshauri wa wanafunzi, wanataka uvuliwe uongozi wa darasa.

Mimi nimemlilia, ulijue hilo mapema. Ijumaa alipozikwa Chato nilishinda kwa jirani mbele ya televisheni. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora wakati wake, nawe ndoo za usiku unazikumbuka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, darasa langu la kwanza lilifurika hadi watoto wakakaa sakafuni, na wengi wao wasingekuja kabisa. Kwa hiyo wale kina mama waliotandika khanga barabarani jeneza lipite, usiwacheke. Ningekuwa huko ningetandika yangu.

Ila ni mimi huyohuyo niliyetumwa nyumbani kwa yule binti wa darasa la sita, mwaka ule 2017, Rais aliposema binti akishazaa harudi shule. Wa kwanza kwa hesabu, unamkumbuka. Sasa anakaanga vitumbua njia ya stendi. Akiniona anasema shikamoo mwalimu, ananifungia vitatu kwenye gazeti, hela anakataa. Sijui nikimlilia Magufuli mbele yake nitaanzia wapi.

Na huyo mwenzenu wa Kibiti asiyevaa nyeusi wala kusema neno, mwacheni. Kwao kuna mwandishi wa habari, Azory Gwanda, aliyetoweka Novemba 2017 na hajaonekana mpaka leo. Ndugu zake hawajui hata kama wakae matanga.

Zamani misiba yetu ya Unyamwezi ilikuwa na mtani. Ulimwona kwenye msiba wa babu yako, ukiwa mdogo: yule mzee wa Kigogo aliyevaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akamtangaza ubahili wake mbele ya wajane, kisha akashuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Watu walicheka huku wanalia. Hakuna aliyekasirika, maana mzee yule alifika usiku uleule wa msiba, akapasua kuni, akachimba kaburi na vijana. Maneno yake yalikuwa makali kuliko yako, lakini aliyasema akiwa na udongo miguuni. Huko kwenu naona waliaji wapo, wasemaji wapo, wa kupasua kuni simwoni.

Ndiyo maana ile stika ya kucheka uliyotuma kwenye grupu usiku wa Machi 21 imeniuma. Siku hiyo watu walikanyagana Uwanja wa Uhuru wakienda kuaga, na polisi wamesema waliokufa ni 45. Hata kama ulikuwa hujapata habari, ndivyo ilivyosomeka.

Kwa mshauri nenda Jumanne, Pasaka ikishapita. Omba radhi kwa stika, kwa maneno yako mwenyewe. Kwa mchango usiombe radhi. Nimekaa kamati za misiba mtaani hapa miaka mingi: daftari la rambirambi tunaandika aliyetoa na alichotoa, asiyetoa hana ukurasa. Hao wanaoorodhesha wasiochanga wamejifunza wapi? Rais Samia ametangaza siku 21 za maombolezo, bendera nusu mlingoti, sawa. Hakusema mtu apimwe machozi.

Wakikuvua uongozi, kabidhi karatasi za mahudhurio, usibishane. Na mtandaoni usiandike neno kuhusu jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama mtu ana mitihani.

Ibadani nenda. Kaa nyuma, na gauni lako la bluu linatosha. Wakimaliza, saidia kupanga viti.

Kaka yako nimemwambia aache kukupigia usiku. Hela ya matumizi nimetuma kwa namba ya shangazi yako, mfuate Jumamosi kabla hajatoka kwenda sokoni.

Mama yako