Barua kwa mwanangu: utafiti wako uanzie kwenye ngitili

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Habari za kupata nafasi ya uzamili zimetufurahisha mno. Majirani wananiuliza somo la mandhari endelevu na maendeleo ya mikoa ni la kazi gani, nami nawajibu kwamba unakwenda kusomea ardhi, maji, mifugo na watu kwa pamoja.

Umeniomba ushauri kuhusu utafiti. Andika juu ya ngitili za Shinyanga, mama, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi.

Enzi za Mwingereza misitu ilifyekwa ili kumaliza mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa mamia ya maelfu ya hekta.

Wataalamu walianza na vitalu vya miche, mingi ya kigeni. Kilichostawi zaidi ni utaratibu wa wazee. Mvua zikianza, eneo linafungwa, ng'ombe hawaingii. Nyasi zinakua hadi zinamfika mtu kiunoni, na visiki vya migunga vinachipua vyenyewe. Kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, panafunguliwa kwa zamu, upande mmoja kwanza, mwingine baadaye. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hupelekwa mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi la wananchi, na kutozwa faini, na sungusungu ndio walinzi. Kwangu mimi huo ni ubunifu kamili, na ningependa walimu wako waujue kwa undani wake wote.

Ila usiishie kwenye sifa. Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, waliyopewa HASHI mwaka 2002, ilistahili, lakini haijibu swali linaloniuma: nani anafaidi? Hapa kwetu mwenye ardhi kubwa ana ngitili yake, anauza nyasi na kuni. Mjane asiye na ng'ombe anategemea ile ya kijiji kwa kuni, uyoga, mboga za porini na dawa, na hiyo ndiyo wachoma mkaa wanayoivamia kwanza. Zisome sheria ndogo za kijiji, uone zinamlinda nani. Picha za setilaiti zitakuonyesha miti imerudi, ila hazitakuambia ni ya nani, kwa hiyo kaa na wachungaji na akina mama kabla hujachora ramani yoyote.

Panga kuja mwezi wa saba, ngitili zikianza kufunguliwa. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa kijiji, amekubali, ila anataka barua ya utambulisho ya chuo. Kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, nacho kianze kufuatiliwa mapema, usingoje tiketi.

Baba yako.