Shukrani kwa dada wa foleni ya Modigliani

Dada yangu, hujui jina langu nami silijui lako, lakini ahsante sana. Ilikuwa Tate Modern, jumba la sanaa la London, mapema 2018, kwenye maonyesho ya mchoraji Modigliani. Nilitoka Tanga kumtembelea mdogo wangu, nikaingia peke yangu katika jengo lile ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme. Foleni ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayokufanya uone kana kwamba uko mahali pengine, ikanitia woga: nina mtandio, nina miwani ya macho, nitaaibika mbele za watu.

Ulikuwa nyuma yangu. Ukanionyesha namna ya kuvaa ile miwani kubwa kuanzia mbele, ukailegeza mikanda bila kuuvuruga mtandio wangu. Kizunguzungu kiliponishika, ukaniwekea mkono begani: "Tazama kitu kimoja kwanza." Nikatazama dirisha. Ndipo chumba cha Modigliani cha Paris, kilichoonyeshwa ndani ya miwani, kikatulia, kuta za rangi ya udongo, chumba alichoishi miezi yake ya mwisho kabla ya kufariki Januari 1920.

Nilipovua, ulikuwa umeshakaa kwa zamu yako. Sikukuaga. Mdogo wangu bado ananicheka kwamba nilinyoosha mkono kushika kiti kisichokuwepo.