Kalongolongo si upuuzi

Mhariri,

Wazazi wanaosomeshea watoto nyumbani hukimbilia vitabu vya mazoezi, kalongolongo, yaani michezo ya watoto ya kuigiza maisha ya watu wazima, ikidharauliwa. Mtoto wa miaka 5 akifungua duka la mchanga, mpe vifuniko vya soda vilivyoandikwa 1, 5, 10 na 20 viwe sarafu, kopo la kupimia na karatasi ya madeni (deni humfundisha kuandika majina haraka ajabu). Mteja akitoa 20 kwa “sukari” ya 15, muuzaji huhesabu kwenda mbele: 16, 17, 18, 19, 20. Vidole vitano, chenji ndiyo hiyo. Mtoto akikosea chenji, kosa la wazazi wengi ni kudakia, “Hapana, ni tano!” Mchezo unageuka mtihani, duka linafungwa. Ukitaka kusahihisha, kuwa mteja, lalamika umepunjwa. Atahesabu upya mwenyewe.

Mwalimu wa chekechea,
Nakuru