Ndugu Mhariri, draiva mpya inamfaa nani?

Ndugu mhariri, poleni na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo la gofu ambalo naona magazeti yetu hayaligusi, mnaandika nani kashinda Lugalo, nani kashinda Gymkhana, mnaweka picha ya kombe, basi imeisha hiyo. Mtu anayetaka kununua draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa ya kupigia mpira mbali, hapa Dar hana pa kusoma kwa Kiswahili kwamba fimbo hii inamfaa nani na itamtesa nani. Anaishia kumsikiliza muuzaji, au anauliza jamaa wanaopiga mbali, na wao wanamtajia wanayotumia wenyewe.

Mimi nasema hizi draiva za kisasa ni nzuri kweli, sibishi, ila wengi wetu tunanunua zisizotufaa, shafti (ule mpini wa fimbo) ngumu mno na lofti (mlalo wa uso unaoupandisha mpira) ndogo mno, kisa tu ndizo tunazoona kwa mapro kwenye tivii. Na wanaoumia zaidi ni akina mama, wazee wetu na watoto.

Kwanza hii ya kusema ya mwaka huu lazima ipeleke mpira mbali kuliko ya zamani. Vifaa vya gofu vina sheria, wanazitunga R&A wa kule St Andrews, Uskochi, na USGA wa Marekani, ndio wasimamizi wa kanuni za gofu, na kila kitu kina mwisho wake. Kichwa cha draiva mwisho sentimita za ujazo 460, urefu mwisho inchi 48 (tangu 2022 mashindano makubwa yanaruhusiwa kuubana hadi 46), na hata ule uso unaogonga mpira unapimwa usiwe na springi kupita kiasi. Makampuni yalishafika kwenye huo mwisho miaka mingi sasa. Kwa hiyo ukigonga katikati kabisa, draiva nzuri ya miaka kumi iliyopita na hii ya leo hazipishani sana, na bei ya mpya inazidi milioni moja ya shilingi, huo ni mtaji wa mtu kabisa.

Tofauti inakuja ukikosa katikati, na hapa nawapa heshima yao. TaylorMade mwaka 2022 walitoa Stealth yenye uso wa kaboni, ni mwepesi kuliko wa titani, uzito uliookolewa ukaenda sehemu nyingine ya kichwa. Mwaka 2024 PING wakaja na G430 Max 10K na TaylorMade na Qi10 Max, wote wakiitangaza namba elfu kumi, yaani kipimo cha jinsi kichwa kinavyokataa kuzunguka ukigonga pembeni. Watu wajue tu kwamba ile elfu kumi ni jumla ya vipimo vya pande mbili, kutoka kisigino (upande wa shafti) hadi ncha na kutoka juu hadi chini, maana kile cha kisigino na ncha peke yake sheria inakifunga kwenye 5900 na nyongeza ya 100. Hata hivyo faida ipo na mpigaji anaiona, mpira unaougonga karibu na ncha unapoteza yadi chache na hauendi porini kama zamani. Kwa mtu anayecheza Jumamosi tu, hakuna kitu kwenye begi kitakachomsaidia zaidi ya hicho kichwa kikubwa chenye uzito nyuma.

Sasa cha ajabu huyohuyo wa Jumamosi anakikataa. Anataka kile cha mapro chenye uzito mbele na spini ndogo (mpira hauzunguki sana hewani), tena lofti ya digrii 9, tena shafti ya S au X, zile ngumu. Mhariri, wale mapro wa PGA Tour ya Marekani wanapitisha kichwa cha fimbo kwa wastani wa kama maili 115 kwa saa. Mwanamume wa kawaida yuko kwenye 93 hivi, ambayo inakaribia kasi ya akina dada mapro wa LPGA, na wale dada wanamshinda mbali kwa sababu wanaugonga katikati na wanaugonga fimbo ikiwa inapanda. Kwa kasi hiyo mpira unahitaji lofti ili upae na unahitaji spini ili ukae hewani, ukimpa digrii 9 isiyo na spini unazama mapema tu. Digrii 10.5 ndiyo pa kuanzia kwa wengi wetu, na mwenye kasi ndogo asione haya kushika 12.

Na kwetu hapa ndiyo zaidi. Dar tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, mpira hauendi kama unavyoenda Arusha kwenye mita 1,400. Ikija masika ardhi inalowa, mpira ukitua umetua, hauviringiki, yadi zako zote ni zile za hewani. Najua watu watasema upepo wa kusi ukipiga mpira wa juu unarudi, ni kweli kwa mwenye nguvu na spini nyingi, lakini huyo mwenzangu na mimi tatizo lake ni kwamba mpira haupandi hata siku hakuna upepo.

Shafti ndiyo wanapopuuza kabisa. Herufi za ugumu L, A, R, S, X, kutoka laini hadi ngumu, hazina kipimo kimoja, R ya kampuni hii inaweza kuwa ngumu sawa na S ya kampuni ile, kwa hiyo anayenunua kwa herufi peke yake anabahatisha. Ni kama kuazima miwani ya jirani. Halafu wenye slaisi, yaani mpira unaojipinda kulia kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, na ndio wengi, wakipewa ule ufunguo wa kugeuza shingo ya fimbo wanapunguza lofti wakidhani wanatafuta umbali, kumbe kwenye draiva nyingi ukipunguza lofti pale shingoni uso unafunguka na slaisi inazidi. Ongeza lofti, uso unajifunga kidogo, utaona mwenyewe.

Linaloniuma hasa ni watoto. Mzee akinunua mpya ile ya zamani anaikata anampa mtoto, au mke, au wale vijana makedi, wabeba mabegi ya fimbo, wanaojifunza na wana vipaji vya hatari. Shafti ukiikata inakuwa ngumu zaidi, kichwa bado kina gramu kama 200 zilezile, mtoto wa miaka tisa anaizungusha kwa mgongo mzima mpaka anaharibu swingi ambayo baadaye kocha atahangaika nayo miaka. Seti za watoto zipo na ni nyepesi, na hazifikii bei ya draiva moja ya baba. Mama naye apewe shafti laini na lofti ya kutosha ya kwake mwenyewe, siyo mabaki.

Kabla mtu hajalipa apige kwanza. Apake poda kidogo usoni mwa fimbo, apige mipira ya kutosha, aangalie alama zinaangukia wapi na mipira imetawanyika kiasi gani kushoto na kulia, asihangaike na umbali maana mipira ya mazoezi imechakaa inadanganya. Ikiwa fupi kwa nusu inchi lakini alama zinakaa katikati, hiyo ndiyo yake. Na ya mtandaoni yenye bei ya kutupa aiogope, fimbo feki zipo nyingi.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wa michezo uwaulize makocha wetu haya mambo na kuyaandika, na klabu zetu za Dar ziweke draiva chache za kujaribia, vichwa viwili vitatu na shafti za kila ugumu, ikiwemo ya wanawake na ya watoto, mwanachama ajaribu kabla hajatuma hela Dubai.

Msomaji wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam